Alama Mbili

Apondi ameniletea daftari la Kiswahili.
Mwalimu anataka maana ya neno, alama mbili tu.
Ameandika: Shemeji ni ndugu wa kiume wa mume.
Kisha kwa penseli, akijishuku: au ndugu wa mke.
Ni sahihi, nimemwambia. Piga mstari, ulale.

Nimebaki na taa, na tokeni inayokaribia kuisha,
nalipindua neno lile kama pazia la mtumba,
natafuta doa, natafuta pindo lilipofumuka.

Jumapili, sokoni Kibuye, mimi ni shemeji wa dunia nzima.
"Shemeji, hilo la maua mekundu pesa ngapi?"
Hajui kama niliolewa au nilitoroka,
hajui boma, hajui ukoo,
anachojua ni kwamba shemeji hupunguziwa hamsini.
"Ni dada yangu yupi uliyemtolea ng'ombe?"
Tunacheka. Namfungia pazia lake.
Hamsini nimempunguzia.

Mimi Kageha, nimetoka Vihiga kwenye majabali,
nikaolewa Nyalenda na Wasonga.
Siku ya mechi ya mashemeji tulikaa kochi moja,
yeye kijani, mimi buluu,
redio katikati yetu kama mzee wa baraza.
Aliyefungwa aliosha vyombo.
Wasonga aliosha vizuri, mpaka matako ya sufuria.
Nilitamani wafungwe kila wiki.

Obiero, mdogo wake, hakukosa jioni hizo.
"Shemeji, mrenda wako unateleza kuliko mwanasiasa,"
na sahani anaisukuma aongezwe.
Kwa lugha yao aliniita yuora.
Akitaka kunichokoza aliniita chiwa, mke wetu.
Wetu.
Nilicheka na wao.
Kilikuwa kimilikishi kichanga, hakijaota meno.

Tulimzika Wasonga Seme, mwezi wa mvua.
Baadaye wamama wa boma walihesabu miezi kwa vidole,
wakamtazama Obiero,
wakanitazama mimi,
wakauliza kama sukari ipo.
Hakuna aliyetamka kitu.
Lakini tangu siku hiyo, kila aliposema shemeji
nilisikia kitasa kikijaribiwa.

Akaja Jumanne moja na ngazi ya kuazima,
mabati mawili, misumari kwenye mfuko wa shati.
Nilikaa nje, mbali na mlango,
nimempakata Apondi ingawa miguu yake tayari ilifika chini.
Kutoka juu ya paa akaita, ploti nzima ikisikia:
"Shemeji! Nipitishie nyundo."
Nikampitishia.
Kisha, bila kutazama chini:
"Wamama wameniuliza.
Nimewajibu kaka aliniachia jina moja la kukuita.
Sina lingine, na sitafuti."
Akapigilia.
Misumari kumi na mmoja. Niliihesabu.
Chai aliinywea uani, amesimama,
akalalamika kwamba haina majani.

Wapo waliosema ni mwoga.
Wapo waliosema ana mtu Ahero.
Huenda anaye, na apike mrenda usioteleza.
Mimi kwenye simu nimemwandika Shem Mabati.
Shule zikifunguliwa hutuma elfu mbili,
na ya kutolea juu yake.

Mume hufa.
Shemeji hufa lini? Daftari halisemi,
wala sitamwandikia mtoto jambo la kumpotezea alama.
Neno lilelile ambalo mnunuzi hulitumia
kunisogelea kwa hamsini,
mtu mmoja alilishika kwa mikono miwili
akasimama nalo mahali pake.

Tokeni imeisha.
Mvua imeanza huko upande wa ziwa, naisikia ikija bati kwa bati.
Paa limetulia,
isipokuwa ile kona ya jikoni, tone, tone,
kwenye sufuria aliyokuwa akiisugua Wasonga.
Kesho nitampigia. Nitasema,
Shemeji, umebakisha msumari mmoja.